Nani Alikufundisha Wimbo Huu

Tulipokutana kumkumbuka Mwalimu Kimeu, baada ya mazishi kupita na mjane wake kurudi mjini, sikuweza kusema neno. Tulikuwa wanafunzi wake wa zamani, wengi tumeota mvi, tumekaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kanisa, na kila mmoja alipewa nafasi ya kusimama aeleze alivyomjua marehemu. Wengi walisimama wakamwiga. Walishusha miwani hadi ncha ya pua, wakainua karatasi isiyokuwepo, wakauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Nani alisema?" Ukumbi mzima ukacheka, hata mjane akacheka huku anafuta macho. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yangu, nikasema nashukuru, nikaketi. Tulipokuwa tunarudi nyumbani mume wangu aliniuliza imekuwaje, mimi ambaye kazi yangu ni kusimama mbele ya darasa na kuongea. Nikamwambia kwamba nilichotaka kusema hakingetosha katika zile dakika tulizopewa, na kwamba ningekikata katikati kingeharibika. Basi nakisema hapa, ambapo hakuna anayenitazamia saa.

Mwaka ule nilikuwa nasomea ualimu wa Kiswahili katika chuo kimoja mjini, na nilikuwa naishi Kawangware, nyuma kidogo ya steji ya matatu iitwayo 56. Chumba tulikigawana mimi na rafiki yangu Nekesa. Kilikuwa cha mabati, kimoja kati ya vingi vilivyozunguka ua mwembamba wenye kamba za nguo, na ukitaka kutoka siku ya kufua ulilazimika kuinama chini ya mashuka ya majirani. Kitanda kilikuwa cha Nekesa, godoro la chini langu, na kati yetu lilining'inia pazia la maua makubwa mekundu ambalo mchana tulilifunga fundo ili tupate nafasi ya kupikia. Nekesa alikuwa msusi katika saluni iliyotazama steji. Jioni alirudi ananukia mafuta ya nywele, amebeba habari za wote waliokaa kwenye kiti chake siku hiyo, akazisimulia huku anasonga ugali nami nakata sukuma wiki. Mabati yalikuwa na matundu, kwa hiyo tulikuwa tumeyafunika kwa magazeti ya zamani, gazeti juu ya gazeti, tukayabandika kwa uji wa ngano. Kila usiku nililala nikisoma ukuta.

Insha yangu ya kwanza kwa Mwalimu Kimeu ilihusu lugha ya vijana wa mjini, na ndani yake niliweka sentensi moja nzuri sana kuhusu Sheng. Niliipenda kiasi kwamba niliiweka mwanzoni kabisa. Karatasi iliporudi, kando ya sentensi ile palikuwa na wino mwekundu: Nani alisema? Wapi? Lini? Nilipoinua mkono nikajibu kwamba nimeitoa kwenye gazeti, aliuliza gazeti gani. Nikasema liko ukutani, nyumbani. Darasa liliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama juu ya miwani, akasema kwa upole kabisa, "Basi rudi ukauulize ukuta."

Jioni hiyo mimi na Nekesa tulipanda kitandani tukaanza kazi. Sentensi yangu ilikuwa pale ilipokuwa siku zote, karibu na dari, lakini sehemu ya juu ya ukurasa, penye jina la gazeti na tarehe, ilikuwa imefunikwa na ukurasa mwingine wenye tangazo la magodoro. Nekesa alileta maji ya uvuguvugu na kitana chake cha mkia mrefu, kile cha kugawia nywele mistari. Akalowesha, akasubiri, akaingiza ule mkia polepole chini ya tangazo kama anayefumua nywele za mtoto mwenye kichwa laini. Mabati yalikuwa yakilia kwa kila mkwaruzo. Jirani yetu wa upande ule, Baba Sharon, aligonga.

"Mnahama?" akauliza kutoka kwake.

"Hapana. Tunatafuta tarehe," Nekesa akajibu.

"Leo ni Alhamisi," Baba Sharon akasema.

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Mwishowe tangazo lilitoka vipande vipande, na tarehe ikaonekana, na chini ya kichwa cha habari jina la mwandishi, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia. Nekesa alilisoma kwa sauti, akalirudia. "Kumbe huyu mtu tumelala naye mwaka mzima," akasema, "na hata hatukujua anaitwa nani." Upepo uliingia pale tulipobandua hadi tulipopata gazeti lingine, lakini insha yangu ilirudi chuoni ikiwa na jina, gazeti na tarehe. Mwalimu Kimeu alitia alama ndogo ya kukubali.

Nilikuja kumzoea. Saa ya chakula cha mchana alibaki ofisini akila viazi vitamu vilivyochemshwa, ambavyo alivileta katika kopo la plastiki, na aliyeingia alipewa kimoja kabla ya kuulizwa shida yake. Siku moja aliniuliza kama najua kwa nini anawasumbua watu namna hii. Nikasema ni ili tusiibe maneno ya wengine. Akatafuna kwanza. "Si wizi unaonisumbua sana," akasema. "Mwizi anajua alikotoa. Mimi naogopa mtu ambaye hajui alikotoa. Huyo hata akitaka kushukuru, hajui aelekee wapi." Siku hizi wanafunzi wangu wana simu ambazo zinawapangia marejeleo, jina, mwaka na kurasa, kabla hata hawajakisoma kitabu chenyewe. Wananiuliza kwa nini nawasumbua. Nawapa jibu la viazi vitamu, wananitazama kwa adabu, wanarudi kwenye simu zao.

Katika nusu ya pili ya mwaka kila mmoja wetu alitakiwa kuandika insha ndefu ya fasihi simulizi, kwa kwenda kukusanya mwenyewe nyimbo au hadithi kutoka kwa watu. Mimi nilichagua nyimbo za kubembeleza watoto. Nekesa aliwahi kuishi katika mtaa wa mabanda wa Gatwekera kabla ya kuja Kawangware, na alinipeleka kwa aliyekuwa jirani yake, mwanamke aliyeitwa Mama Lilian. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati. Ulishuka kidaraja kimoja kuingia, na ndani palikuwa na makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, safi hata ukaogopa kuegemea. Nje, mlangoni, alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, na watu wakaja kununua wakitoka kazini. Alikuwa mtu wa maneno machache. Binti yake Lilian, aliyekuwa darasa la nane, ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Alinisalimia "Sasa, teacha" siku ya kwanza, ingawa sikuwa mwalimu bado, na kuanzia hapo hilo likawa jina langu.

Nilikwenda kila Jumamosi kwa miguu, nikakusanya nyimbo kwa wanawake wa vichochoro vile, lakini wimbo ulionikaa moyoni ulikuwa wa Mama Lilian. Aliuimba kwa Kijaluo, bila kuombwa, akiwageuza samaki. Kwa Kiswahili niliutafsiri hivi: Nyamaza, mvua imekwenda kwa jirani. Nyamaza, mlango wetu imeuacha mkavu. Ikirudi itakukuta umekuwa mkubwa, utaifungulia mwenyewe. Mimi pia ni Mjaluo, nilikuwa nimezijua nyimbo nyingi za kubembeleza tangu utotoni, lakini huo sikuwahi kuusikia popote. Lilian alikuwa anaosha vyombo, akaufuata kwa midomo tu, kama mtu anavyofuata kitu ambacho hakumbuki alikijua lini.

"Huo nani alikufundisha?" nikauliza, kalamu tayari.

"Ni wimbo tu," Mama Lilian akasema.

"Mama yako?"

"Andika ni wimbo tu, nyathina." Nyathina ni mwanangu. Aliniita hivyo kila mara, lakini safari hii hakuniangalia.

Niliandika kwamba ni wimbo wa mama mmoja wa Gatwekera, nikaujengea sura nzima ya insha, kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko zote. Mwalimu Kimeu aliniita ofisini. Hakunipa kiazi. Aliniambia kwamba mwaka ule wanafunzi kadhaa walikuwa wamekaa vyumbani mwao wakatunga nyimbo na kudai wamezikusanya, na kwamba walimu wenzake watakaosahihisha pamoja naye wameusoma wimbo wangu wakauliza swali moja. Mbona hakuna anayeujua? "Mama mmoja ni nani?" akauliza. "Aliutoa wapi? Mimi nakuamini, Anyango. Lakini kuniamini mimi hakukusaidii. Bila chanzo, sura hii inatoka, na bila sura hii sioni insha." Nilijua maana yake. Maana yake ilikuwa kurudia mwaka, nami sikuwa na mwaka wa kurudia. Kanisa lililokuwa likinisomesha lilikuwa limesema wazi kwamba litanifikisha hapo na si zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mama Lilian peke yake akipara samaki. Lilian alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya kanisani, mtaa wa jirani wa Laini Saba. Nilimweleza yote, kwa ukweli, bila kumsihi. Alinawa mikono, akaifuta kwenye leso, akaingia ndani. Nikamfuata. Aliketi kwenye kochi, akashika ukingo wa kitambaa cheupe, akaanza kuukunja na kuukunjua.

"Huo wimbo si wangu," akasema. "Ulikuwa wa Adongo."

Adongo alikuwa msichana aliyepanga chumba cha pili, miaka mingi nyuma, amekuja peke yake kutoka kando ya ziwa. Alijifungua mtoto wa kike na kumwimbia wimbo ule mchana na jioni, na Mama Lilian, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto, alikuwa akiusikia kupitia ukutani. Kisha Adongo aliugua. Alimwacha mtoto kwa jirani yake huyo akaenda hospitali, akasema atarudi, na hakurudi. Walimtafutia watu wake. Walitangaza kanisani, wakauliza kwa chifu, wakawatuma waliokuwa wanasafiri nyumbani waulize huko pia. Hakuna aliyejitokeza. "Hata jina la baba yake sikuwahi kujua," Mama Lilian akasema. "Nilijua tu ni Adongo. Maana yake kuna Apiyo mahali, pacha wake aliyetangulia. Huyo pia sijawahi kumwona." Mtoto ndiye Lilian. Lilian hakujua. Mama Lilian alikuwa amepanga kumwambia akianza shule, akapanga tena akibatizwa, na sasa alikuwa anasema akimaliza mtihani.

"Usiandike," akaniambia.

Kalamu nilikuwa nimeshaiweka chini. Nilimwambia sitaandika, na nitautoa wimbo, nitatafuta mwingine. Aliniuliza kama nitafeli. Nikasema sijui. Alinipakulia samaki na ugali na mboga, akakaa kunitazama nikila. Njiani kurudi Kawangware nilijaribu kuifikiria insha bila sura ile, na kilichobaki hakikunipa moyo.

Nilipomwambia Mwalimu Kimeu kwamba naondoa wimbo, aliuliza kama umetungwa. Nikasema hapana. Akauliza kama mwenyewe amekataa kutajwa. Nikanyamaza, kwa sababu hata hilo niliona ni lake kulisema. Alivua miwani akaisugua kwa tai yake. Kuna njia, akasema. Mtu anaweza kunukuliwa jina lake likahifadhiwa, mradi msimamizi amekutana naye na kujiridhisha. "Muulize kama anaweza kupokea mgeni," akasema. Nilimuuliza. Mama Lilian alifikiri, akasema mgeni hakatazwi, aje siku ya kwaya.

Alikuja na suti yake ile ya kahawia, ameshika mfuko wenye sukari na majani ya chai kama mtu anayekwenda kuwaona wakwe. Kwenye vichochoro vya Gatwekera aliruka mitaro kwa tahadhari, akasalimia kila mlango. Mama Lilian alimkaribisha kwenye kochi, akaniomba mimi nikae nje niangalie samaki wasiungue. Kati yangu na wao palikuwa na bati moja tu, na samaki hawapigi kelele nyingi.

Mama Lilian alimuuliza kwanza habari za safari na za watoto wake. Kisha nilimsikia akimwambia yote, kwa sauti ileile aliyoniambia mimi, na mwisho akauimba wimbo, polepole, mara moja. Mwalimu Kimeu, ambaye hakujua Kijaluo hata neno, alimshukuru.

"Sasa hiyo jina ukificha," Mama Lilian akauliza, "mtu akisoma ataona nini?"

"Ataona herufi. Utakuwa Mama A."

"Mama A." Nikamsikia akicheka kidogo. "Na yeye? Mwenye wimbo?"

"Wewe usipotajwa, yeye pia hatatajika. Wataona tu kwamba Mama A aliupata kwa jirani."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Niligeuza samaki wa kwanza, kisha wa pili.

"Huyo msichana hana kaburi ninajua," Mama Lilian akasema. "Hana picha. Hata nguo zake zilikuwa chache, nilimkatia mtoto napi. Imebaki huo wimbo. Nikimficha na huko pia, si ataisha kabisa? Lakini mtoto kwanza, mwalimu. Asikuje kusoma kwa karatasi kitu hajasikia kwa mdomo yangu."

"Karatasi inaweza kungoja."

"Na huyu msichana wako?"

"Nitaongea na wenzangu. Kungoja si kufeli."

Mwalimu alikula samaki kwa vidole, akanyonya mifupa, akaomba ugali zaidi. Nilipomsindikiza hadi kwenye reli inayopita kando ya mtaa hakunisimulia walichosema, wala mimi sikumwambia nimesikia. Aliniambia tu, "Hukutunga," akaenda zake.

Niliporudi kuaga, Mama Lilian alikuwa ameondoa sahani, anafuta meza. "Kaa uandike sasa," akasema. "Lakini hiyo karatasi isitoke kwako mpaka nikuambie." Akasema, nami nikaandika neno kwa neno kama Mwalimu alivyotufundisha, hata pale aliporudia, hata pale alipokosea akajirekebisha. Kila alipomaliza kipande nilimsomea, akatikisa kichwa kukubali au akaniambia, hapana, hivyo sikusema.

Alimwambia Lilian katikati ya wiki. Mimi sikuwepo, na sikuuliza sana ilikuwaje. Ninachojua ni alichoniambia Jumamosi, akiwa ameinama juu ya karai la mafuta. Lilian hakulia, hakugomba. Alitoa vyombo, akaosha, akalala. "Ila haniiti," Mama Lilian akasema. "Hasemi mama, hasemi kitu. Anasema tu, chumvi iko wapi. Anasema tu, nimetoka shule." Nilikaa naye hadi samaki wakaisha. Nilitaka kumwambia kwamba ingekuwa heri nisingekuja kabisa na kalamu yangu. Alinitazama kama aliyenisikia, akasema, "Usijali, nyathina. Ilikuwa ni ya kusemwa." Lakini macho yake yalikuwa kwenye kichochoro, upande wa kanisa.

Jumapili mchana, mimi na Nekesa tukiwa tumekaa mlangoni tunachambua mchele, Lilian alitokea uani, akainama chini ya nguo za Baba Sharon. Alikuwa na sare ya kwaya. Hakusema "Sasa, teacha." Alisema, "Amesema kuna mahali umeandika."

Nilimpa karatasi. Nekesa alimtazama kichwa, akaona nywele zilizofumuliwa nusu, akavuta kigoda, akamkalisha kati ya magoti yake bila kumuuliza, akaanza kumsuka. Lilian alisoma akiwa amekaa hivyo, kichwa kikivutwa huku na huku. Baada ya muda akainua uso.

"Hii alisema kweli, ama ni wewe uliitengeneza ikae poa?"

Nilichuchumaa kando yake nikamwonyesha. Nikamwambia, unaona hizi alama, hapa zinafunguka na hapa zinafunga? Kilicho ndani ni chake, sijagusa. Kilicho nje ni changu.

Alirudi mwanzo. Safari hii kidole chake kiliruka. Kilipita juu ya aya zangu zote, zile nilizozihangaikia wiki nzima, maelezo yangu ya mapigo na taswira na dhima ya wimbo katika jamii, kikatua pale tu alama zilipofunguka, kikatembea polepole hadi zilipofunga, kikaruka tena. Nami nilijua kila kinapotua kinasoma nini, kwa sababu maneno yale niliyaandika kwa mkono wangu. "Ukuta ulikuwa mwembamba, niliujua wimbo kabla sijamjua mwenyewe." "Alikataa nyimbo zangu zote. Nilijaribu za kanisa, nikajaribu za nyumbani, akalia tu. Halafu nikakumbuka ule wa mama yake. Nilipouimba alinyamaza, akanitazama mdomo." "Watu walisema nimemwonea huruma. Si huruma. Nilikuwa nimengoja mtu wa kumwimbia."

Pale penye mdomo alisimama. Alipasoma mara ya pili. Nekesa alikuwa ameacha kusuka, ameshika tu ule msokoto mmoja usifumuke. Katika chumba kimoja cha ploti yetu redio ilikuwa inahubiri. Lilian aliuliza kama hayo yote aliyasema akiwa analia. Nikasema hapana, aliyasema akiwa anafuta meza.

Tulikunywa chai na mandazi. Nekesa alimaliza nywele, akamwonyesha kioo, na Lilian akajigeuza huku na huku kama msichana yeyote. Kisha akatazama jua. "Lazima niende," akasema. "Nitamwambia mama nimechelewa juu ya nywele." Alipokwisha kutoka, Nekesa alichambua mchele, nami nikachambua mchele, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba amelisikia lile neno.

Lilian sasa ana watoto wake. Nimemsomea maandishi haya kwenye simu kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote, naye ameniruhusu, baada ya kunirekebisha mahali pawili.

Insha ile ilipita. Alama nilizopata nimezisahau, na hata maneno ya walimu wale wengine yamenitoka. Ninachokumbuka vizuri ni siku ya kuichapa, katika saiba moja ya 56 iliyokuwa na kompyuta chache na feni isiyozunguka. Mama Lilian alikuwa ametoa ruhusa, na alimtuma Lilian aje aangalie jina lake halisi linaandikwa sawasawa. Kijana aliyekuwa anachapa alifika ukurasa wa mwisho, wa marejeleo, ambapo vitabu vyangu vichache vilikuwa vimekwisha kupangwa, na chini yake nilikuwa nimeacha nafasi ya waimbaji. Mwalimu Kimeu alikuwa amenifundisha namna ya kuandika neno la mtu lililokufikia kwa mdomo wa mwingine. Unamtaja mwenye neno kwanza, kisha unamtaja aliyekuletea. Usichokijua usikibuni, alisema, kiache wazi au ukubali hukijui.

"Wa kwanza?" kijana akauliza.

"Adongo," nikasema.

"Adongo nani? Jina ya pili?"

Nilimtazama Lilian. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba jina la pili halijulikani. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono mmoja kwenye misuko yake, anatazama kile kimstari kilichokuwa kinawaka na kuzima kwenye skrini.

"Andika, mama ya Lilian," akasema.

Kijana akaandika. "Halafu?"

"Wimbo wake umeimbwa na Prisca Auma." Alimtajia herufi moja moja, akangoja zote zionekane. "Mama ya Lilian."

Kijana alichapa, akasoma mstari wote, akakunja uso. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. "Hapa mmerudia," akasema. "Hii mama ya Lilian iko mara mbili. Nitoe moja?"

"Hatujarudia," Lilian akasema. "Wacha zikae. Ni wawili."